Bukta Niliyoikata Mwenyewe

Jumapili. Jua limetoka na kujificha mara tatu tangu asubuhi, na nguo zangu kwenye kamba hazijui kama zikauke au zibaki hivyo hivyo. Na mimi niko hivyo. Sina furaha ya kurukaruka, sina huzuni. Nina miguu inayouma na mtoto aliyelala.

Jana tulichukua kombe.

Naandika polepole kwa sababu kioo cha simu yangu kina ufa, na herufi A inagoma mpaka uibonyeze kwa hasira. Wanaonisoma hapa wamezoea makosa yangu. Niliishia kidato cha pili, nikakaa nyumbani, nikaolewa, nikamzaa Weisiko, ambaye sasa ana mwaka mmoja na miezi miwili na ameanza kutembea kama mtu aliyeshuka kwenye mashua.

Kwa anayepita hapa mara ya kwanza: naitwa Robi. Nasoma ushonaji kwenye chuo cha ufundi, huku upande wa Nyarero. Ni kozi fupi, hawakuniuliza cheti cha kidato cha nne. Pia nacheza timu ya wasichana ya chuo, mpira wa kikapu. Nyumbani kwetu hilo la pili lilikuwa linajulikana na watu wawili tu. Mume wangu Marwa, ambaye kazi yake iko Kerende na huja mwisho wa mwezi. Na mama mkwe, ambaye ndiye hubaki na mtoto nikienda chuo.

Baba mkwe hakujua. Tangu jana saa kumi jioni, anajua.

Mpaka sasa hajasema neno. Amekaa nje ya nyumba yake, ananoa panga ambalo lilishanolewa juzi. Mimi niko kwangu, mlango nimeuegesha, namsikia. Nangoja. Mwezi ujao timu inakwenda Musoma kucheza na vyuo vya wilaya nyingine. Baba mkwe akisema basi, itakuwa basi. Na sio timu tu, hata chuo, maana ruhusa ya kusoma ilitoka kwake. Marwa alimwomba mara mbili, mara ya tatu akakubali. Mtu aliyekubali anaweza kuacha kukubali.

Wacha niandike nikiwa nangoja.

Timu ilianza mwezi wa tatu. Mwalimu Josefa anafundisha upishi, ni mtu wa Bukoba, na anasema alicheza zamani kabla magoti hayajamkataa. Alipita darasani kwetu akatazama vidole vyetu, sio sura. Akasema wewe, wewe, na wewe. Mimi nilidhani tumekosea kushona kitu.

Uwanja wetu ni wa saruji, una nyufa, na uko kwenye njia ya ng'ombe. Jioni ng'ombe wanarudi, wanapita katikati, nasi tunasimama pembeni na mpira kwapani mpaka wa mwisho amalize. Kila mazoezi tulianza kwa kufagia mavi. Ringi mbili zilikuwepo lakini hazikuwa na nyavu. Nyavu nilisuka mimi kwa kamba ya manila, siku mbili, nikiwa nimemfunga Weisiko mgongoni. Moja ilitoka imepinda kidogo. Mpira ukiingia hapo unakaa kwanza, kama unafikiria, halafu ndio unashuka.

Tulikuwa tisa. Kapteni ni Kabula, wa ufundi umeme. Baba yake alitoka Shinyanga kufuata dhahabu, akakaa Kewanja, na Kabula amekulia huko huko. Kikurya anakijua kuliko baadhi yetu. Ni mrefu mpaka anainama kwenye milango, na mdomo wake haujawahi kupumzika.

Jezi tulipewa za timu ya zamani ya wavulana ya mpira wa miguu. Zilikuwa nyekundu zilizopauka, na bukta zilikuwa zinafika chini ya magoti. Tulizivaa mara moja, tukatazamana.

"Tumekuwa kama wazee wa kanisa wanaokwenda kuoga," Kabula akasema.

Wakaniangalia mimi. Mimi ndiye fundi. Nikachukua futi, nikapima, nikakata shubiri nzima kila mguu, nikakunja pindo, nikapiga cherehani. Bukta tisa, vipande kumi na nane. Zilitoka nzuri sana. Nilijisifu wiki nzima. Vipande nikavitia kwenye mfuko wa unga, kwa sababu fundi hatupi kitambaa.

Nakiri hapa: nilijua nakata nini. Nilikuwa najua naishi kwa nani.

Mechi ya kwanza tulikwenda Mugumu, kwenye chuo kimoja cha Serengeti. Tulipigwa vibaya. Wale walikuwa wanacheza kama watu wanaojuana tangu tumboni, sisi tulikuwa tunagongana wenyewe kwa wenyewe. Mimi nilikuwa benchi nusu ya kwanza, na Weisiko nilimwacha nyumbani. Saa ya kunyonya ikafika, maziwa hayaulizi uko wapi. Jezi yangu ikaanza kulowa mbele. Nilikunja mikono kifuani, nikatazama chini. Kabula akaja kunywa maji, akaona. Alichukua chupa akanimwagia kifuani, halafu akajimwagia na yeye, halafu akawamwagia wengine wote.

"Joto," akamwambia refa.

Tulimaliza mechi tumelowa wote, tumefungwa wote. Nadhani siku ile ndio tukawa timu.

Baada ya hapo hatukufungwa tena. Sitaandika kila mechi, sikumbuki zote vizuri. Nakumbuka tulicheza kwenye mvua mpaka mpira ukawa kama sabuni. Nakumbuka mechi moja tulishinda kwa sababu wapinzani walichoka kwa kucheka wavu wetu uliopinda wakasahau kukaba. Nakumbuka Mwalimu Josefa alivyoacha kutuita "nyie" akaanza kutuita "wanangu", na hakuna aliyemwuliza alianza lini. Mimi nilikuwa wa kwanza kuingia kutoka benchi. Kazi yangu haikuwa kufunga. Kazi yangu ilikuwa kuchukua mipira inayokosa na kuikumbatia. Mwalimu alisema nina mikono ya mtu aliyezoea kushika kitu kisichotulia.

Mechi tano tukashinda. Fainali ikaja, ichezwe kwetu, na wapinzani ni wale wale wa Serengeti.

Sasa lazima nieleze kitu, maana wengine mnaonisoma mko mbali na huku.

Sisi Wakurya, mwanamke na baba wa mume wake wana soni. Sio ugomvi. Ni heshima yenye umbali ndani yake. Baba mkwe haingii nyumbani kwangu. Mimi simpi mkono. Jina lake silitamki, na yeye langu halitamki. Tukikutana njiani mimi napisha, nainama, nasema shikamoo, naye anajibu marahaba huku anaangalia ng'ombe wake. Akiwa na neno kwangu anampa mama mkwe aniletee, au anamwambia Weisiko mbele yangu. Alianza kumtuma Weisiko kabla mtoto hajaota hata jino. "Weisiko, mwambie mama yako ndama wa ng'ombe mweusi amefungwa vibaya." Mtoto anacheka, mimi nakwenda kufunga ndama.

Kumwonyesha baba mkwe mapaja ni kitu ambacho hata kukiandika hapa nimeangalia mlango kwanza.

Kwa hiyo mechi zote za nyumbani nilikuwa nachagua. Kama yuko mnadani, nacheza kwa amani. Kama yuko malishoni, nauliza malisho ya wapi. Mama mkwe ndiye alikuwa ananipa habari. "Leo nenda," anasema. "Leo amekwenda kuangalia shamba la chini." Hakuwahi kusema zaidi ya hapo. Siku moja tu aliniuliza, hivi huo mpira mkiutia kwenye kile kikapu hautoki tena? Nikamwambia unatoka, hakina chini. Akacheka mpaka akakaa chini. "Sasa mnajaza nini?"

Jana alisema, "Nenda, amealikwa kikao." Wote wawili hatukuuliza kikao cha nini.

Baba mkwe ni mwenyekiti wa kitongoji. Chuo kiliandaa fainali na wageni, hotuba, spika, na turubai moja la kuazima. Chini ya turubai meza moja ndefu yenye kitambaa cheupe. Upande mmoja wa meza walikaa wageni. Upande wa pili, meza hiyo hiyo, walikaa waandishi wa pointi na saa, maana meza nyingine hakuna. Na kwenye kiti cha mwisho cha wageni, kinachogusana na kiti cha mwandishi, alikaa mzee mwenye kofia ya pama na koti la kahawia.

Koti lile nalijua. Kwapa lilichanika mwezi wa sita, mama mkwe akaniletea, nikalishona na kubadilisha bitana. Nilikuwa nimesimama uwanjani na bukta yangu fupi, natazama mshono wangu mwenyewe.

Nilirudi nyuma ya benchi, nikachukua kitenge nilichombebea mtoto, nikajifunga mpaka kwenye vifundo vya miguu. Upande wa pili wa uwanja, chini ya mkaratusi, mama mkwe alikuwa amesimama na Weisiko. Na yeye alikuwa ameona. Alinielekeza turubai kwa midomo, kama sisi tunavyoelekeza, mara tatu, kana kwamba sijui kiko wapi kifo changu.

Nilimwambia Mwalimu Josefa tumbo linaniuma. Uongo.

Tulikuwa saba tu. Mmoja ana malaria, mwingine wamefiwa kwao. Watano wakaingia, benchi tukabaki mimi na binti mdogo wa upishi ambaye tunamwita Kadogo. Mwalimu akawa anamtumia Kadogo nafasi yangu, na Kadogo alijitahidi mpaka uso ukawa wa rangi nyingine. Mapumziko Weisiko alilia, mama mkwe akaniletea kwa kuzunguka nyuma ya madarasa, nikamnyonyesha nimekaa chini ya dirisha la karakana. Mtoto alininyonya huku ananishika pua. Nilifikiri, mtoto huyu hana habari kwamba mama yake ni mwoga.

Robo ya nne tulikuwa tunaongoza pointi mbili. Msichana wetu wa ufundi magari akateguka mguu. Kadogo alikuwa ametoka dakika ile ile, anahema kama mbuzi.

"Robi. Tumbo au si tumbo, ingia," Mwalimu akasema.

Anayejua mchezo huu anajua sheria. Mchezaji anayetaka kuingia anakwenda kwanza mezani, anataja namba yake, anasubiri refa amwite kwa mkono. Meza iko pale. Na pale kuna nani, nimeshasema.

Hapa ndipo nilifanya kitu cha kijinga kuliko vyote vya msimu. Nilivua kitenge, nikainama, nikakimbia nyuma ya benchi, nikazunguka nyuma ya ringi, nyuma ya watazamaji, nikatokea kona ya mbali kabisa, upande wa mkaratusi. Nikaingia kutokea huko. Nilidhani nikiwa mbali na meza nitakuwa mtu mmoja kati ya watu kumi wanaokimbia, jezi nyekundu tu.

Filimbi ikalia. Refa alinitazama kama mtu aliyekuta kuku hai kwenye sahani ya mgeni.

"Huyu katokea wapi?"

Watu wakacheka. Kosa likaandikwa kwa timu yetu, wapinzani wakapewa mtupo mmoja wa bure. Wakafunga. Pointi mbili ikawa moja.

Mwalimu Josefa hakuwahi kunifokea tangu mwezi wa tatu. Jana alinifokea.

"Robi! Meza si ile pale? Umeingilia dirishani kama mwizi?"

Nilikuwa nimesimama nimeweka mikono mbele ya mapaja kama mikono yangu ni mipana sana. Kabula akaja pembeni, anapumua.

"Mwalimu, yule mwenye pama ni mkwe wake."

"Sasa? Mkwe anauma?"

"Kwao anauma, Mwalimu."

Mwalimu alitazama meza, akanitazama mimi, akatazama bukta. Alimrudisha Kadogo uwanjani na mimi nikarudi benchi, nikajifunga kitenge. Nilitaka ardhi ifunguke lakini saruji ile huwa inafunguka kidogo kidogo tu.

Sitaandika yale mengine yote ya katikati. Wakafunga, tukafunga. Ikabaki chini ya nusu dakika, tunaongoza kwa pointi moja ile ile. Kabula akaenda kufunga kwa nguvu, akamgonga mtu kifuani. Faulo yake ya tano. Ukifika ya tano unatoka, hurudi.

Alitoka anatukana kwa Kisukuma. Akakaa karibu yangu, akajifunika uso na taulo.

Benchi palikuwa na aliyeteguka, aliyefukuzwa, na mimi.

Mwalimu Josefa alichuchumaa mbele yangu. Magoti yake yalilia, niliyasikia. "Sikulazimishi," akasema, taratibu sasa. "Ukikataa tutacheza wanne. Wanne dhidi ya watano, sekunde ishirini na kitu. Huenda Mungu akatuona. Lakini ukiingia, ingia kwa mlango."

Nilisimama. Nilikaa. Nilisimama tena. Refa akatazama saa yake.

Na hapo baba mkwe akainuka.

Mambo yaliyotokea mezani sikuyasikia mwenyewe. Alinisimulia Kabula, naye alisimuliwa na kijana wa darasa lao aliyekuwa anaandika pointi. Kwamba nilipofanya lile kosa la kwanza, mzee alimwuliza, mura, yaani kijana, kuna nini? Kijana akamwambia yule kaingia bila kuja mezani. Mzee akauliza, kwa nini hakuja mezani? Kijana akasema sijui, mzee, labda hajui sheria. Mzee akatazama uwanja kitambo. Halafu akasema, "Anaijua." Na baada ya hapo hakutazama tena uwanja, alikuwa anatazama kitambaa cha meza.

Mimi niliona hivi tu. Aliinuka, akavuta pama chini. Akashika kile kiti cha plastiki kwa mikono yake miwili, akakigeuza, akakiweka kimeelekea barabarani. Akakaa. Mgongo kwetu.

Mkuu wa chuo akasimama nusu, akakaa. Jamaa wa spika akadhani ni hasira.

"Jamani, mwenyekiti wetu amesusa! Refa, jirekebishe!"

Watu wakacheka tena. Lakini wanawake wa chini ya mkaratusi hawakucheka, wao walielewa. Na katikati ya kile kicheko nikasikia sauti ya mama mkwe, mtu ambaye hata sokoni haongei kwa nguvu.

"Pita, mwanangu! Umefunguliwa njia!"

Nilifungua kitenge, nikampa Kabula. Nikatembea mpaka mezani. Sikukimbia. Nilisimama hatua moja kutoka mgongo wa baba mkwe. Niliona kola ya koti, niliona mshono wangu wa kwapani, umeshika vizuri. Sikuwahi kusimama karibu naye hivyo tangu niolewe.

"Kumi na moja," nikasema.

Mwandishi akaandika. Refa akaniita kwa mkono.

Sekunde ishirini na kitu ni nyingi sana ukiwa ndani yake. Wapinzani walikuwa na mpira. Wakapiga pasi, wakapiga pasi, yule mrefu wao akarusha. Ringi ilikuwa ile yenye wavu uliopinda. Mpira ukagonga chuma, ukapanda, ukashuka, na mimi nilikuwa chini yake. Nikaukumbatia. Walinivuta jezi, walinigonga viwiko, mmoja alinikanyaga. Refa hakuona, au aliona akachoka. Nilikunja mwili juu ya ule mpira kama vile ni mtoto wanayetaka kuninyang'anya.

Filimbi.

Kijana wa mezani anasema mzee alikuwa anamwuliza muda wote bila kugeuka, "Sasa nani ana mpira? Sasa je?" Kijana akajibu, "Mkweo, mzee! Anao Ro..." Mzee akamkata. "Mura, jina usilitaje. Sema namba."

"Kumi na moja, mzee. Kumi na moja anao. Hajauachia."

"Asiuachie."

Walipotukabidhi kombe nilikuwa nimeshajifunga kitenge tena, kwa hiyo kwenye picha ya timu kuna wachezaji wenye bukta na mama mmoja aliyekuja kuteka maji. Kabula amesema ndiyo picha nzuri kuliko zote. Kombe ni dogo, linatosha uji wa mtu mmoja. Mwalimu Josefa alilia kidogo, akasema ni vumbi. Baba mkwe alibaki na mgongo mpaka nilipopita nyuma ya madarasa. Ndipo akageuza kiti, akatoa hotuba yake kuhusu mipaka ya njia ya ng'ombe.

Hiyo ndiyo jana.

Usiku sikulala sana, nikiwaza yale mapaja. Sio pointi, sio kombe. Mtu mzima aligeuza kiti mbele ya watu wake, wakamcheka kwenye spika, kwa ajili ya nguo niliyoikata kwa mkasi wangu.

(Nimeacha kuandika saa nzima hapa. Sasa narudi.)

Weisiko aliamka, akasukuma mlango, akatoka mwenyewe. Nilimfuata mpaka kizingitini, nikasimama nyuma ya ubao wa mlango kama inavyotakiwa. Alikwenda moja kwa moja kwa babu yake kwa ule mwendo wake wa mashua, akashika goti. Panga likanyamaza. Mama mkwe alikuwa anapepeta ulezi, na ungo nao ukanyamaza.

"Weisiko," baba mkwe akasema. Sauti ya kusikika mpaka kwangu. "Namba kumi na moja amekupikia uji?"

Mtoto akasema neno lake moja analolijua, ambalo ni "mma".

"Haya. Mwambie namba kumi na moja, Musoma ni mbali. Wakati wa kwenda abebe maji ya kutosha, ya huko yana chumvi ya samaki."

Mama mkwe akainamisha kichwa kwenye ungo. Mabega yalikuwa yanatikisika.

"Na umwambie tena. Ile nguo ni fupi. Mimi shingo yangu imezeeka, sitageuza kiti kila mwaka."

Halafu akarudi kwenye panga lake.

Ni hayo tu. Nimekaa kitandani na mfuko wa unga miguuni. Nimevimwaga vipande vyote na kuvihesabu. Viko kumi na sita. Viwili nilimshonea Weisiko bibu, nimeianua kwenye kamba, imekauka, ina doa la uji ambalo halitoki. Nimechagua viwili vinavyofanana na bukta yangu. Havifanani kabisa. Bukta imepauka zaidi kwa jua, vipande vimebaki vyekundu kama siku ile. Nikiunganisha, mshono utaonekana hata ukiwa umesimama mbali, na Kabula atasema nimevaa bendera.

Wenzangu wabaki na zao fupi. Zilitoka nzuri, na wao hawana mkwe mezani.

Kesho chuo kikifunguliwa naomba cherehani ya pembeni, ile isiyoruka uzi. Nitapitisha mara mbili ili isiachie kwenye kuruka.

Ninachojiuliza ni hiki tu. Bukta ikirudi chini ya goti, na mimi nikisimama mezani nikasema kumi na moja, atakaa ameelekea wapi?